Fundi na Kilengeo Kilichoinama

Kabla ya kuuliza lolote, fundi aliifungua bunduki kuhakikisha haina risasi. Alisukuma wenzo mbele hadi mwisho, akatia kidole kidogo kwenye chemba, akakitoa, akakitia tena. Kisha akaielekeza dirishani na kuchungulia mdomo wa lile bomba la risasi linalolala chini ya mtutu. Shemeji yangu alikuwa ameshamwambia mara mbili kwamba ni tupu, kila kitu kimebaki nyumbani. Mzee aliitikia kwa kichwa, bila dharau yoyote, akaendelea kuchungulia. Halafu akampa shemeji naye atie kidole chake. Nami nikafuata. Hapo ndipo alipoiweka mezani juu ya blanketi kuukuu na kusema, "Haya, inakusumbua nini?"

"Inapiga kushoto," shemeji akajibu. "Nimesogeza kilengeo cha nyuma mpaka nimechoka. Sasa ukikitazama kama kinataka kuanguka."

Na kweli. Kilengeo cha nyuma kilikuwa kimesogezwa kulia hadi ukingo wake ukapita ubavu wa mtutu, kama sahani iliyowekwa pembeni mwa meza. Ubavuni palikuwa na mkwaruzo mpya, mweupe, urefu wa punje ya mchele. Shemeji alikuwa amekigonga kwa bisibisi. Fundi alipitisha kidole gumba juu ya mkwaruzo ule mara moja tu, polepole, wala hakusema neno. Nimekaa na mafundi wengi maishani mwangu, wa saa, wa cherehani, wa majahazi, na nimejifunza kuogopa ukimya wa namna hiyo kuliko makaripio.

Haya yalikuwa katika Kaunti ya Lancaster, Pennsylvania, Marekani, katikati ya Novemba. Majani yalikuwa yamekwisha kuanguka na kila mtu aliyekuwa na bunduki alikuwa anahesabu siku. Katika jimbo lile, tangu 2019, msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki huanza Jumamosi inayofuata Sikukuu ya Shukrani. Shemeji yangu, mtu wa Sikonge kule Tabora, anafanya kazi ghalani na wenzake ni wawindaji wote. Mwaka ule walikuwa wamemkaribisha porini. Kwao babu yake alikuwa na gobore, ile bunduki ya kujazwa baruti mdomoni, na shemeji alikua akisikia habari za vita kati ya gobore na nyati. Kwa hiyo alipokwenda dukani hakutaka kitu chenye darubini na plastiki. Alitaka mbao na chuma, akanunua bunduki ya wenzo, mpya kabisa, ya risasi za .30-30. Kiwanda sitakitaja. Itoshe kusema kwamba ilitoka ndani ya boksi ikiwa imeinama.

Bunduki ya wenzo ina pete ndefu ya chuma chini ya kifyatuo, na vidole vinaingia humo. Ukiisukuma mbele, ganda lililotumika linaruka nje. Ukiirudisha, risasi mpya inapanda na kuingia chemba. Kazi yote inafanywa na mkono mmoja, bila bunduki kushuka begani. Benjamin Tyler Henry alipata hataza ya bunduki ya namna hii mwaka 1860, nayo ikachukua risasi 16 wakati askari wengi bado walikuwa wanajaza moja moja mdomoni. Iliyoenea kuliko zote ni ile iliyochorwa na John Moses Browning wa Ogden, Utah, na kutengenezwa na Winchester kule New Haven, Connecticut, kuanzia 1894. Mwaka uliofuata ikapata risasi ya .30-30, yenye baruti isiyotoa moshi mzito, na viwanda vikaendelea kuitoa hadi zikapita milioni 7. Ndugu yake mmoja alifika hata kwetu: Theodore Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani, aliposhuka Mombasa mwezi Aprili 1909 alikuwa na Winchester ya wenzo ya mfano wa 1895, nayo ni kazi ya Browning huyohuyo.

Lakini nilichokuja kukisifu hapa ni jambo dogo zaidi ya historia hiyo, dogo kiasi cha milimita moja.

Juu ya mtutu wa bunduki kama ile kuna vilengeo viwili vya chuma. Cha nyuma kina pengo katikati, na pande zote mbili za pengo zimeinuka na kujikunja kama pembe za swala. Kinakaa ndani ya mfereji uliokatwa kukingama mgongo wa mtutu, mpana chini na mwembamba juu, ili kisiweze kutoka kwenda juu. Kinaweza kwenda kushoto au kulia tu, tena kwa kugongwa. Chini yake kuna ngazi ndogo ya chuma yenye vidato, na kila kidato kinainua kilengeo unene wa ukucha. Cha mbele ni kijibapa chembamba chenye kishanga cha shaba juu yake, kimekaa kwenye kiti cha chuma kilichofungwa na skrubu mbili karibu na mdomo wa mtutu. Mpigaji anaweka kishanga ndani ya pengo, kisha anaweka kishanga juu ya kitu anachotaka kukipiga. Hapo kuna vitu vitatu katika masafa matatu, na jicho la binadamu haliwezi kuona kwa ukali zaidi ya kimoja kwa wakati mmoja. Mwenye ujuzi analipa jicho lake kishanga, na anakubali pengo liwe na ukungu na shabaha iwe na ukungu.

Kanuni ya kurekebisha ni nyepesi, mtoto anaweza kuikariri. Kilengeo cha nyuma kisogeze upande unaotaka risasi iende. Cha mbele kisogeze kinyume chake. Risasi zikienda kushoto, cha nyuma kiende kulia. Shemeji alikuwa ameifuata kanuni hii barabara. Kosa lake lilikuwa kuamini kwamba kanuni hiyo ndiyo tiba.

"Ningeweza kukusogezea zaidi kidogo," fundi alisema, "ukaondoka hapa ndani ya dakika tano na risasi zikapiga katikati. Lakini sijui bado nani anadanganya."

Kauli hiyo ndiyo iliyonifanya niombe ruhusa ya kubaki na kutazama hadi mwisho. Maana walikuwapo washtakiwa wengi. Huenda mpigaji anavuta kifyatuo vibaya. Huenda anainamisha bunduki bila kujijua. Huenda mtutu umepinda, au mdomo wake umeumia. Huenda mtutu umekazwa kupita kiasi katika uzi wake. Huenda kilengeo cha nyuma, huenda cha mbele, huenda hata jua. Na kila mmoja katika hao akidanganya, matokeo kwenye karatasi ni yaleyale: matundu yako kushoto. Kusogeza kilengeo cha nyuma kunamnyamazisha shahidi bila kumsikiliza.

Kesho yake asubuhi tulikutana kwenye uwanja wa shabaha, nje ya mji. Uwanja ule unaelekea kaskazini. Fundi alibeba vifuko viwili vya mchanga, karatasi za shabaha, uzi wenye chubwi, na kipande cha mshumaa. Uzi ule aliutundika kwanza kwenye fremu ya shabaha, ukaning'inia wima, ili mpigaji awe na kitu kilichonyooka cha kulinganisha na kilengeo chake. Mtu akiinamisha bunduki hata kidogo, uzi utamwambia.

Shemeji akaketi. Fundi akamwekea kifuko cha mchanga chini ya ubao wa mbele, kwa uangalifu ili mtutu wenyewe usiguse kitu. Bunduki za wenzo, alieleza, zina mtutu uliofungwa pamoja na bomba la risasi kwa pete za chuma, na ukiuegemeza mtutu kwenye kitu kigumu unausukuma kila unapopiga. Shemeji akapiga tatu, akisubiri kati ya moja na nyingine. Tulikwenda pamoja kutazama, mita 46 hivi, maana kule wanapima yadi 50. Matundu matatu yalikuwa karibukaribu, ungeweza kuyafunika kwa kifuniko cha chupa ya chai, nayo yalikuwa inchi 5 kushoto mwa katikati. Vilengeo fundi alikuwa amevirudisha katikati usiku ule, kwa hiyo hili ndilo lilikuwa kosa lenyewe, bila kufichwa.

Yeye alifurahi. Nilimwona usoni. Matundu yaliyotawanyika yangemwambia kuna kitu kimelegea, au mpigaji ana wasiwasi. Matundu yaliyokusanyika mahali pasipo pake yanasema jambo moja tu, nalo linasemwa vilevile kila mara. Kosa linalorudiwa sawasawa linaweza kutafutwa.

Kisha akaketi mwenyewe na kupiga tatu. Kushoto, inchi 5. Mpigaji akawa ameachiwa huru.

Ndipo alipowasha mshumaa. Aliuinamisha chini ya kishanga cha mbele hadi moshi ukakifunika kwa masizi, shaba ikageuka nyeusi tii kama chungu cha jikoni. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia nitazame jua liko wapi. Lilikuwa kulia kwetu, upande wa mashariki, bado chini. Kishanga cha shaba kinapopigwa na mwanga wa upande mmoja, upande ule unawaka na upande wa pili unapotea kivulini. Jicho linauchukua ule upande unaong'aa na kudhani ndio kishanga kizima. Mpigaji anauweka mng'ao katikati ya shabaha, ilhali kishanga halisi kimesogea upande wa kivuli, na risasi inakwenda huko, mbali na jua. Asubuhi, katika uwanja unaoelekea kaskazini, hiyo ni kushoto. Jioni ingekuwa kulia, na mtu angeweza kukaa mwaka mzima akisogeza kilengeo asubuhi na kukirudisha jioni, akiilaani bunduki.

Walipiga tena, na kishanga kikiwa cheusi. Inchi 4.

Kwa hiyo jua lilikuwa linadanganya, lakini inchi 1 tu. Nne zilizobaki zilikuwa za mtu mwingine. Nadhani hapo ndipo nilipoelewa ninachokitazama. Fundi mwenye haraka angeona inchi 5 na kuzitafutia sababu moja. Huyu aliziona kama deni lenye wadaiwa kadhaa, na hakutaka kumlipisha mmoja deni la mwenzake.

Juu ya kisanduku cha risasi akaandika hesabu yake kwa penseli. Kosa, inchi 4. Umbali kati ya vilengeo viwili, inchi 17. Umbali wa shabaha, inchi 1,800. Nne mara kumi na saba, gawanya kwa elfu moja na mia nane: sehemu 38 za elfu ya inchi. Kwa vipimo vyetu ni karibu milimita 1. Mahali fulani juu ya mtutu ule, chuma kilikuwa kimekaa milimita 1 nje ya njia yake. Alinionyesha jibu hilo kama daktari anayeonyesha picha ya eksirei. "Sasa tunajua tunatafuta kitu cha ukubwa gani," akasema. "Kama nitaona kasoro ya nusu milimita, nitajua bado sijafika."

Karakana yake iko nyuma ya nyumba, chumba cha mbao chenye dirisha moja kubwa upande wa kaskazini. Mkoa ule una sifa ya kazi hii tangu zamani. Katika karne ya 18 mafundi waliozungumza Kijerumani waliokaa Lancaster ndio waliotengeneza bunduki ndefu za Pennsylvania, zenye mitutu mirefu na mbao za mti wa mepo. Yeye hakujisifu kwa hilo. Nilipolitaja alisema tu kwamba wale hawakuwa na umeme, na akanionyesha tupa moja ya zamani yenye mpini wa mbao uliokuwa umelainishwa na viganja vya watu waliokwisha kufa.

Alianza na mtutu. Katika muundo wa bunduki ile, ukitoa skrubu moja ya wenzo, wenzo na komeo vinavutika nje, na unaweza kuchungulia ndani ya mtutu kwa nyuma. Aliielekeza dirishani, ambako alikuwa amefunga ubao mmoja ulionyooka kukata kioo. Kivuli cha ubao ule kinaingia ndani ya mtutu na kulala kama mstari kwenye ukuta wake unaong'aa. Kama mtutu umenyooka, mstari unanyooka. Kama umepinda, mstari unavunjika mahali palepale palipopinda. Hivi ndivyo wanyooshaji wa mitutu walivyofanya kazi viwandani kabla ya vipimo vya kisasa, kwa jicho na kivuli. Alinipa nitazame. Sikuona kitu ila duara juu ya duara. Akanishika bega, akanisogeza kidogo, na ghafla mstari ukatokea, mwembamba, mnyoofu, ukizungukwa na michirizi inayojipinda. Mtutu ulikuwa mzima.

Mdomo wa mtutu aliupima kwa pamba. Alizungusha kijiti chenye pamba kwenye ukingo wa ndani, na kama pangekuwa na kijimwiba cha chuma, unyuzi ungenasa. Haukunasa. Pete na bomba la risasi alivipitia upesi. Hapakuwa na kilichobana.

Kisha likaja swali ambalo, kwangu mimi, ndilo lilikuwa zuri kuliko yote. Mtutu unaingia katika mwili wa bunduki kwa uzi, kama mfuniko wa chupa. Kiwandani ukikazwa kupita alama yake, kila kilicho juu yake kinainama pamoja nao. Wengi wakiona kilengeo cha mbele kimeinama hukimbilia kulaumu ukazaji huo. Lakini fikiri kidogo, fundi akaniambia. Vilengeo vyote viwili vimekaa juu ya mtutu. Mtutu ukizidi kuzunguka, vyote viwili vinainama pamoja, kwa pembe moja, na havikosani. Vinakosana na mwili wa bunduki tu. Mtu ataona bunduki imekaa kombo mikononi, lakini risasi hazitakwenda inchi 4 kushoto. Ili risasi ziende pembeni namna ile, lazima kilengeo kimoja kiwe kimekosana na mwenzake.

Nilikaa nikilitafakari hilo wakati yeye anatafuta vifaa. Kulikuwa na jambo la kunifurahisha ndani yake, furaha ileile ya kitendawili kinapoteguliwa. Nilikuwa nimeitazama bunduki ile siku mbili na nilikuwa nimeona kitu kimoja kilichopinda. Yeye aliona uhusiano kati ya vitu vitatu, mwili, kilengeo cha nyuma na kilengeo cha mbele, na akajua kwamba kabla ya kusema kipi kimepinda lazima aseme kimepinda kulingana na kipi.

Aliibana bunduki kwenye jiliwa lenye ngozi, akaisimamisha kwa kutumia mbavu bapa za mwili wake na skwea ya chuma hadi ikawa wima kabisa. Akakitoa kilengeo cha nyuma. Alikigonga kutoka kushoto kwenda kulia, kwa kijiti butu cha shaba, maana mafundi wa kule wana desturi ya kuingiza kutokea kulia na kutolea upande uleule wa kulia. Na shaba ni laini kuliko chuma, inakubali kuumia yenyewe. Gonga, tazama. Gonga, tazama. Katika mfereji uliobaki wazi akaingiza kipande cha chuma bapa alichokichonga mwenyewe kwa kazi hiyo tu, na juu yake akalaza pimamaji ndogo. Povu likatulia katikati. Kwa hiyo mfereji ulikuwa sawa na mwili wa bunduki. Mtutu haukuwa umekazwa kupita kiasi. Kilengeo cha nyuma kiliachiwa huru.

Akabaki mmoja.

Aliutundika uzi wa timazi darini, mbele ya mdomo wa mtutu, akaacha chubwi litulie. Alizima feni. Alituomba tusitembee. Uzi ulipoacha kutikisika akachuchumaa nyuma ya bunduki, akafumba jicho moja, kisha akasimama na kunipisha. Niliona uzi umenyooka, na mbele yake kijibapa cha kilengeo kikiuacha pole pole kuanzia chini hadi kishangani, kama mnazi wa ufukweni unaovutwa na upepo. Kilikuwa kimeinama kulia. Alipima kwa kalipa: milimita 1 kasoro kidogo, juu kabisa, kwenye kishanga. Akachukua kisanduku cha risasi chenye hesabu yake, akakiweka kando ya kalipa, na akatulia akivitazama vyote viwili. Shabaha na chuma vilikuwa vimesema neno moja.

Mashimo mawili ya skrubu juu ya mtutu yalikuwa yametobolewa pembeni mwa mgongo wake. Mtu fulani, au mashine fulani, ilikuwa imekosea chini ya nusu milimita pale kwenye ngozi ya mtutu, na kosa hilo lilipopanda hadi kwenye kishanga likawa karibu milimita 1, na lilipofika kwenye karatasi likawa sentimita 10.

Shemeji alidhani sasa mtutu utatobolewa upya. Fundi alikataa. Kiti cha kilengeo, alisema, kinanunuliwa kwa bei ya chakula cha mchana, na kikiharibika kinatupwa. Mtutu hautupwi. Kwa hiyo tupa itakimega kiti, na mtutu hautaguswa. Alikifungua kiti, akakibana kwenye jiliwa dogo, na kwa tupa ya mviringo, nyembamba kama njiti ya mswaki, akaanza kupanua upande wa kulia wa kila tundu, ili kiti kizima kiweze kuzungukia kushoto juu ya mtutu huku skrubu zikibaki palepale zilipo. Aliupanua pia ukingo unaokaliwa na kichwa cha skrubu, ili kichwa kisikirudishe kiti kilikotoka.

Kazi hiyo ilichukua sehemu kubwa ya alasiri. Mikono yake ilikuwa inakwenda mbele tu. Tupa alikuwa anaiinua wakati wa kurudi. Baada ya mapigo manne au matano alipuliza unga wa chuma, akakirudisha kiti juu ya mtutu, akakaza skrubu kwa vidole, akasubiri chubwi litulie, akatazama. Kisha akakifungua tena. Niliacha kuhesabu alipofika mara ya kumi na moja. Hakuna aliyekuwa anamsimamia. Hakuna ambaye angeona tofauti kati ya mara ya nane na ya kumi na moja. Na sikumwona hata mara moja akikunja uso, au akiharakisha, au akisema "inatosha". Shemeji, ambaye alikuja na haraka ya msimu wa kuwinda, alikuwa amevuta kigoda na kukaa karibu, viwiko juu ya magoti, akinong'ona, "Tazama, shemeji. Tazama mkono huo."

Jioni kishanga kilikuwa kimelala nyuma ya uzi bila kuuacha upande wowote. Fundi alisafisha mafuta yote kwenye mashimo, akatia tone la gundi ya skrubu, akakaza. Chini ya kiti, pale palipokuwa hapagusi vizuri, alikuwa amekwangua kidogo hadi kikakaa chote. Kilengeo cha nyuma alikirudisha kutokea kulia, kwa shaba, hadi kikasimama katikati ya mtutu, na akachora mstari mmoja mwembamba wa penseli unaovuka kutoka kilengeo hadi mtutu, ili kikisogea hata unywele, mstari uvunjike na mwenye bunduki ajue. Ule mkwaruzo wa bisibisi aliupaka dawa ya kukifanya chuma kiwe cheusi. Nao hakuusemea neno.

Jumamosi tulirudi uwanjani. Yadi 25 kwanza, kisha 50. Tatu, subira, tatu tena. Mtutu wa namna ile ukipata moto hubadilisha tabia, na yeye alikuwa anauacha upoe hadi anaweza kuushika. Matundu yalikuwa kwenye mstari wa katikati, lakini chini, inchi 2. Alipandisha ngazi kidato kimoja. Kijibapa cha mbele hakukigusa. Ukikikwangua risasi zinapanda, kweli, lakini chuma kilichokwanguliwa hakirudi, ilhali kidato kinarudi. Risasi tatu za mwisho zilikaa pale shemeji alipozilenga.

Shemeji alikimbilia kwenye karatasi. Fundi hakwenda. Aliifungua bunduki, akatia kidole chemba, akaielekeza angani na kutazama mdomo wa bomba, kisha akatoa uzi wake mfukoni, akautundika kwenye paa la kibanda, akaliacha chubwi litulie. Alichuchumaa nyuma ya mtutu uliokuwa bado na joto, kuona kama mishindo ya risasi imekisogeza kile kiti. Alikaa hivyo muda mrefu. Mstari wa penseli ulikuwa mzima, na uzi ulikuwa unapita katikati ya kishanga.

Shemeji aliporudi na karatasi yake mkononi, akiishika kama cheti, mzee alikuwa ameshafungasha. Alimkabidhi bunduki ikiwa wazi, halafu akatafuta kwenye mfuko wa koti, akatoa kile kipande cha mshumaa, kifupi sasa kama kifundo cha kidole, akamtia kiganjani.

"Asubuhi jua likiwa chini," akamwambia, "usikisahau."